Mwembe Uliogeuka Ngalawa

Kwa bibi mzaa mama kulikuwa na miembe sita, lakini mmoja tu ndio uliokuwa na jina. Tuliuita Halua. Ulikuwa nyuma ya jiko, kwenye mteremko wa kwenda kisimani, katika kijiji kilicho kati ya Muheza na Pangani, pale mashamba ya mkonge yanapokwisha na minazi inapoanza kushika. Ile mitano tuliitaja kwa aina ya embe lake tu: dodo, bolibo, sindano miwili, na mmoja wa embe la kienyeji lililokuwa nyuzi tupu, ambao tuliwaachia popo. Mwembe Halua haukufanana na wowote kati ya hiyo. Aliyeupanda hakujulikana. Bibi alikuja pale ameolewa, akaukuta.

Embe lake lilikuwa dogo, la kujaa kiganja cha mtoto. Hata likiiva halikupiga wekundu wala manjano. Lilibaki kijani, umanjano kidogo tu ukijitokeza kwenye mabega, karibu na kikonyo. Mgeni angelipita akidhani ni bichi. Ndani, nyama yake ilikuwa rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, laini, haina nyuzi za kunasa menoni mpaka ufike kwenye kokwa. Ladha yake nimejaribu mara nyingi kumweleza mke wangu, na kila mara naishia kusema "tamu", neno ambalo halimpi picha yoyote. Niseme hivi: ulitangulia utamu mzito, kama asali ya nyuki wadogo, halafu wakati wa kumeza ukafuata uchachu mwembamba sana, wa kuusafisha ulimi, ukatamani lingine hapo hapo. Na harufu ilikaa vidoleni mpaka jioni, hata unawe kwa sabuni.

Nilizaliwa mwaka 1974. Nilipoanza shule, nchi ilikuwa imetoka vitani na Uganda na bidhaa zilikuwa za kupanga foleni. Sukari ilifika kijijini siku ikijisikia, kwenye duka la ushirika, na ikifika kila kaya ilipimiwa kidogo. Asubuhi za Desemba bibi alitupa kila mmoja bakuli la uji wa chumvi na embe moja. Unauma embe, unashushia na uji. Kwa hiyo nakubali tangu mwanzo kwamba ulimi wangu wa wakati ule ulikuwa na njaa ya utamu, na hilo nitalirudia, kwa sababu limenisumbua miaka mingi.

Mwembe Halua ulikuwa na majimoto. Kama hukuwahi kuwajua, ni wale chungu wa rangi ya hudhurungi wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi nyeupe kama hariri na kufanya nyumba yao humo. Wanauma, kisha wanamwaga maji yao makali penye kidonda, na hapo ndipo unapojua kwa nini wanaitwa hivyo. Tulijipaka majivu miguuni na mikononi kabla ya kupanda, na bado tulishuka tukijikuna na kulia. Siku moja binamu yangu alifunga kitambaa kwenye mti mrefu, akakiloweka mafuta ya taa, akataka kuchoma nyumba zao zote. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Waacheni," alisema. "Wana sehemu yao na nyie mna yenu."

"Bibi, wanatuuma."

"Nimewaona. Waacheni."

Nilidhani anawataka wamsaidie kutuzuia sisi wezi. Ilipita miaka karibu thelathini kabla sijajua nini alichokuwa akikilinda, na sijui kama yeye mwenyewe angeweza kukieleza zaidi ya vile alivyokieleza.

Kupopoa kulikuwa mwiko. Ukirusha jiwe, unaangusha changa kumi upate pevu moja, na bibi aliweza kutambua kwa mlio wa majani tu kwamba kuna jiwe limepita. Kilichoruhusiwa ni kuokota. Pepo za kaskazi zikianza, usiku ungesikia embe likianguka, puu, na wewe uko kitandani unahesabu: moja, mbili, hilo la tatu limeangukia juu ya paa la jiko. Alfajiri ilikuwa mbio. La kuokota ni la aliyeliokota, hata akiwa mtoto wa jirani, na bibi hakuwahi kumnyang'anya mtoto wa mtu embe la kuokota. Yaliyooza hatukuruhusiwa kuyaacha chini. Tuliyakusanya kwenye ungo mbovu tukayatupa kwenye shimo la takataka na kuyafukia. Kazi hiyo tuliichukia kuliko zote.

Kuangua ilikuwa kazi ya mjomba peke yake. Alitumia kingoe chenye kimfuko cha wavu, embe lisiguse ardhi. Akishateremsha, bibi aliyapanga chini kikonyo kikitazama ardhini ili utomvu uchuruzike, maana utomvu wa Halua uliunguza midomo, na msimu ukiwa katikati watoto wote wa kijiji tulikuwa na vigaga pembeni mwa mdomo. Kisha alianza kuyachagua. Alilishika embe kama anayeshika shavu la mtoto, akapitisha kidole gumba kwenye mabega.

"Bibi, hilo limeiva?"

"Halijaiva. Limepevuka."

"Tofauti yake nini?"

"Kupevuka ni kazi ya mwembe. Kuiva hata mimi naweza kulisaidia."

Mapevu aliyatia kwenye pakacha lililotandikwa majani makavu ya mgomba, akafunika, akaliweka darini juu ya meko, moshi ulipopita. Huko ndiko kuvundika. Siku ya kwanza na ya pili hakuna aliyethubutu kuligusa pakacha. Siku ya tatu harufu ilishuka yenyewe. Ya nne, ya tano, alianza kutoa, moja moja, akianza na wadogo. Machanga, kama yaliletwa na upepo, yalikatwakatwa yakaliwa na chumvi na pilipili, au yakawa achari. Hakuna siku aliyolivundika embe changa. Alisema litabadilika rangi na litakudanganya.

Niliondoka kijijini mwaka 1989 kwenda sekondari ya bweni, kisha Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilirudi Desemba nilipoweza, na si kila mwaka. Mwaka 2001 nilipata kiwanja Kigamboni, na jambo la kwanza nililofanya kabla hata ya kupiga tofali ni kwenda kwa bibi kuchukua kokwa za Halua. Alinipa tatu, amezikausha kivulini.

"Zitatoka kama hizi?" nilimuuliza.

"Panda, tutaona."

Moja haikuota, moja ililiwa na mbuzi, ya tatu ikashika. Nililimwagilia chipukizi lile kwa ndoo wakati nyumba ina vyumba viwili visivyo na plasta.

Mwaka 2006 mjomba alinipigia simu kuniambia Mwembe Halua umeuzwa. Nyumba ya bibi ilikuwa ya makuti, masika yakifika analala akihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda ile. Akaja fundi wa ngalawa kutoka Pangani. Pwani yetu gogo la mwembe ndilo linalochongwa ngalawa, na shina la Halua lilikuwa nene na limenyooka. Fedha zake zilitosha mabati na misumari. Mafundi walikuja na mashoka na tezo, wakalichonga gogo pale pale lilipoangukia kwa wiki mbili, ili liwe jepesi la kuburuta hadi barabarani, wakaliondoa.

Nilikasirika. Nilimwambia mjomba maneno ambayo mpwa hapaswi kumwambia mjomba wake, na nilimwomba radhi baadaye. Mimi nilikuwa na mshahara. Ningeweza kununua mabati yale. Hakuna aliyeniambia paa linavuja kwa sababu sikuwa nimeuliza, na nilikuwa nimelala kwenye nyumba ile msimu wa kiangazi tu, msimu wa maembe, wakati paa lolote ni zuri. Nilipokwenda na kumwambia bibi jinsi nilivyoumia, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu, chini ya bati hili nimelala masika nzima sijahamisha kitanda. Mwembe ule umenifaa." Alizoea kuniita hivyo, mume wake, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Sikuwa na la kuongeza.

Niliteremka hadi Pangani siku iliyofuata. Ufukweni palikuwa na ngalawa nyingi zimepandishwa mchangani. Nilipapasa tatu ambazo mbao yake ilionekana bado changa. Zilinuka samaki na mafuta ya papa. Nilirudi na basi la jioni.

Tumaini langu sasa likawa Kigamboni. Mwembe wangu ulizaa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2009, maembe kumi na moja. Niliyachunga kama bibi. Niliyaangua mapevu, nikayavundika kwenye boksi lenye majani ya mgomba, siku nne. Nilimwita mke wangu na watoto, nikalimenya la kwanza mwenyewe. Lilikuwa embe zuri la manjano, lenye nyuzi na harufu kidogo ya mafuta ya taa. Halikuwa Halua. Nilikula la pili, la tatu. Watoto walikula vizuri tu, hawakuelewa kwa nini baba amenyamaza.

Bwana shamba mmoja ndiye aliyenieleza, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Kokwa ilitoa chipukizi ngapi?" Nilikumbuka vizuri, moja. Akaniambia basi jibu ndilo hilo. Kuna miembe ambayo kokwa yake moja inatoa chipukizi mbili, tatu, hata zaidi, na nyingi ya hizo ni nakala ya mama mtupu. Na kuna miembe ambayo kokwa inatoa chipukizi moja tu, na hiyo ni mtoto wa mama na baba, wa mwembe uliouzaa na chavua iliyoletwa na wadudu kutoka mwembe wowote jirani. Kwa bibi, jirani alikuwa yule mwembe wa popo. Halua halisi ilikuwa ipatikane kwa kubebesha tu: unakata kijitawi cha mwembe unaoutaka, unakiunga juu ya mche mwingine. Kazi ya robo saa. Kwa miaka yote niliyokwenda pale mwembe ukiwa umesimama, nilirudi na pakacha la maembe kwenye basi na sikuwahi kukata kijitawi kimoja.

Wakati huo huo embe la sokoni lilikuwa linabadilika. Nadhani kila mtu wa umri wangu ameliona. Unanunua embe la manjano ganda zima, limelingana kama limepakwa rangi, halina harufu. Ukilikata, karibu na kokwa ni jeupe na gumu, linakwaruza ulimi. Ni kabaidi, ile ile wanayotumia mafundi wa kuchomelea kwa gesi. Ikipata unyevu inatoa gesi, na gesi hiyo inalisukuma embe libadilike rangi. Lile ni embe changa lililolazimishwa. Ubivu wa nje unaweza kuulazimisha. Wanga uliotakiwa uingie ndani mwezi mzima uliobaki mtini, ili ugeuke sukari, hauwezi kuuingiza tena baada ya kukata kikonyo. Wanangu walikua wakidhani hilo ndilo embe, na mmoja wao aliwahi kuniambia hapendi maembe. Liliniuma sana neno hilo, kuliko alivyoweza kujua.

Nilikuwa nawalaumu wachuuzi mpaka nilipozungumza na mkulima wa huku Pwani aliyekuwa akishusha mzigo wake. Nilimuuliza kwa nini anaangua machanga. "Nikisubiri lipevuke, kaka, nzi ananitangulia," alisema. "Nitamuuzia nani funza?"

Alikuwa anamsema nzi wa matunda. Funza kwenye maembe walikuwepo tangu utoto wetu, tuliwapuliza tukaendelea kula. Lakini mwaka 2003 wataalamu waligundua Kenya nzi mpya aliyetoka Asia, na baada ya muda mfupi alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 2005 walimpa jina la kisayansi lenye maana ya mvamizi, ingawa baadaye ilionekana ni yule yule wa Asia aliyekwisha kuwa na jina. Jike anatoboa ganda la embe linaloanza kupevuka na kutaga mayai chini yake. Funza wanakula nyama, embe linaanguka, wanatoka na kuingia ardhini, na huko wanageuka nzi wapya. Mkulima anayeangua mapema anaukimbia mlango huo. Akishaangua mapema, kabaidi inamngoja.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka ungo mbovu wa bibi na lile shimo la kufukia maembe yaliyooza. Kisha nikakutana na habari ya utafiti wa Benin, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu miembe yenye majimoto. Nzi wa matunda waliharibu maembe machache zaidi pale majimoto walipokuwa wengi. Chungu wale wanamsumbua nzi asitulie kutaga, na hata alama wanazoziacha juu ya ganda zinamfanya asite. Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Bibi alikuwa hai bado, nikampigia simu kumsomea. Alicheka, akasema, "Si nilikwambieni muwaache."

Kuhusu ulimi wangu. Watu wengi wameniambia embe halikubadilika, nimebadilika mimi. Utoto ndio uliokuwa mtamu, na ile njaa ya sukari. Ni hoja ya haki na sikutaka kuikwepa. Lakini ile miembe ya sindano ya bibi ipo mpaka leo, na kila ninapokwenda msimu ukiwa mzuri nalichukua moja, naliminya mpaka lilainike, natoboa ncha kwa meno na kunyonya. Ni lile lile. Lina uzito ule ule, na kile kikali cha mwishoni, hata ule uchovu wa taya. Kama ulimi wangu unaikumbuka sindano sawasawa baada ya miaka arobaini, sioni sababu ya kutouamini unapokumbuka Halua. Nilichokuwa nacho kilikuwepo kweli.

Na kwenye duka kubwa la jijini siku hizi yapo maembe mekundu ya kupendeza. Baadhi ni Tommy Atkins, lililozaliwa Florida, Marekani. Lilipopelekwa kwa waonjaji wa huko miaka ya 1950 lilikataliwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya ladha yake. Wakulima walilipenda kwa sababu ganda ni gumu, linasafiri mbali na linakaa siku nyingi. Leo ni miongoni mwa maembe yanayouzwa zaidi duniani. Namwelewa mkulima wa Florida kama ninavyomwelewa yule wa Pwani. Mjomba naye nilimwelewa, nikichelewa.

Bibi alifariki mwaka 2014. Desemba 2019 tulikwenda kusafisha makaburi, nikateremka nyuma ya jiko kwa mazoea. Kisiki cha Halua kilikuwa kimezungukwa na magugu, na pembeni yake, chini kabisa, kulikuwa na machipukizi manne yaliyotafunwa na mbuzi. Mwembe ule haukuwa umebebeshwa, ulitoka kwenye kokwa. Kwa hiyo kinachochipua kwenye kisiki chake, hata kikiwa chini kiasi gani, ni wenyewe. Nilipiga magoti. Mjomba, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alisimama nyuma yangu bila kusema kitu, kisha akaenda kuita vijana waje wajenge uzio wa miba.

Nilirudi mwaka uliofuata, vijitawi vimefikia unene wa kalamu. Fundi wa miche alinifundisha: unayatoa majani, unaacha siku kama kumi macho yavimbe, ndipo unakata. Unakichonga kijitawi kama kabari, unapasua mche unaokipokea, unakitia, unafunga kwa nailoni, unakifunika kisikauke. Tulibebesha sita. Miwili ilishika. Mmoja ulikufa kiangazi cha kwanza pale kijijini, mmoja upo Kigamboni, hatua kumi kutoka kwenye ule mwembe wa kokwa, ambao sikuukata.

Sijaonja bado. Ulichanua mashada mawili mwaka juzi, na fundi alisema yakatwe mti ujenge nguvu kwanza. Niliyakata mwenyewe. Mwaka jana matano, nikayakata pia, la mwisho baada ya kulitazama siku tatu.

Wiki iliyopita, asubuhi, niliona majani mawili ya juu yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Mwanangu wa mwisho alikuwa ameshaona kabla yangu, amesimama chini ya mti na chupa ya dawa ya mbu. Nilimwomba anipe ile chupa, nikaenda kuirudisha ndani.